Maswali Yenu: Kiongozi Mnyenyekevu Huzungumza Lini?

Barua nyingi za mara hii zimetoka kwa watu wenye nafasi ndogo za uongozi: wenyeviti wa kamati, walimu wa kwaya, walezi wa vijana, viongozi wa vikundi vya maombi. Kila mmoja ana lake, lakini ukizisoma pamoja zinauliza jambo moja. Mkristo aliyekabidhiwa watu ajishushe kiasi gani, na kazi iendelee kwenda? Tumezifupisha barua na kuondoa majina. Maneno ya Biblia yaliyo ndani ya alama za kunukuu ni ya tafsiri ya Union Version.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya watu tisa. Nikitoa wazo langu mwanzoni, wote wanasema "sawa, mwenyekiti" na kikao kinaisha. Nikinyamaza, wanalalamika kwamba sina dira. Nishike lipi?

Shika zamu. Mwenyekiti akisema wa kwanza, mjumbe mwenye wazo tofauti hana tena nafasi ya kutoa wazo. Amebaki na nafasi ya kumpinga mwenyekiti, na wachache wanaitaka.

Soma tena mkutano wa Yerusalemu, Matendo 15, ukiangalia ni nani anasema baada ya nani. Hoja ilikuwa nzito: je, watu wa mataifa walioamini watahiriwe? Kwanza watu walihojiana sana. Petro akasimama. Barnaba na Paulo wakasimulia yaliyotokea safarini. Yakobo, ambaye ndiye anayeonekana kuongoza kikao, alingoja mpaka wakanyamaza. Alipofungua kinywa alianza kwa kurejea maneno ya Simoni Petro, akayapima kwa andiko la nabii Amosi, ndipo akasema anavyoamua. Alisema mwisho, lakini hakuacha mashaka juu ya alichosema, na barua ikaandikwa. Benedikto wa Nursia, katika kanuni aliyowaandikia watawa karne ya 6, aliweka utaratibu unaofanana na huo. Kukiwa na jambo kubwa abati, yaani mkuu wa watawa, awaite wote, alieleze mwenyewe, asikilize mashauri, kisha aamue. Aliagiza waitwe wote kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora.

Kwa watu tisa, fanya hivi. Ajenda itoke siku tatu kabla, na kila hoja iandikwe kama swali. Neno "Vyombo" halimsaidii mtu kufikiri, "Je, tununue vyombo vipya vya muziki au tukarabati vilivyopo?" linamsaidia. Hoja kubwa zisizidi mbili kwa kikao. Eleza hoja kwa dakika tatu bila kuonyesha upande wako, kisha toa dakika mbili za kimya kila mtu aandike. Baada ya hapo zungusha meza, ukianza na aliyejiunga karibuni au aliye mdogo kwa umri, dakika mbili kila mmoja, bila kujibizana. Kwa wajumbe wanane hizo ni dakika 16 tu. Majadiliano ya wazi yafuate. Zamu yako ikifika, rudia hoja yenye nguvu ya kila upande mpaka wenyewe waseme "ndivyo hasa", kisha toa uamuzi, sababu yake, nani atafanya nini, na lini.

Hapa watu hukosea kwa namna mbili. Wengine hunyamaza kwa mdomo lakini uso unasema: wanatikisa kichwa akizungumza huyu, wanachukua kalamu akizungumza yule. Wajumbe wanausoma uso haraka kuliko ajenda. Wengine wameshaamua nyumbani na wanaitisha maoni kwa ajili ya sura tu. Kama umeshaamua, na mamlaka hayo unayo, sema hivyo na uombe mawazo ya namna ya kutekeleza; ni uaminifu zaidi. Ukiuliza swali na kimya kikaingia, hesabu moyoni polepole hadi kumi kabla ya kulijibu mwenyewe.

Kuhusu dira, fungua kila kikao kwa sentensi moja inayokumbusha kamati ipo kwa ajili ya nini na inataka kufika wapi mwaka huu. Hapo umeonyesha njia bila kutoa jibu la hoja ya siku. Na jambo la dharura lisisubiri mzunguko wa meza: amua, kisha waeleze siku hiyohiyo.

Watu wakinisifu baada ya ibada nasema "si mimi, ni Mungu tu." Wanazidi kunisifu kwa unyenyekevu wangu. Nijibu nini?

Sema asante. Kisha, kama kuna mtu aliyefanya sehemu ya kazi hiyo, mtaje na utaje alichofanya: "Mpangilio wa sauti ya pili aliufanya fulani." Ishia hapo. Kukana sifa kwa maneno mengi kunamlazimu mwenzako aongeze nyingine, na nadhani wengi wetu tunalijua hilo tunapokana. Utukufu mpe Mungu, kweli, lakini uwe umempa pia ukiwa peke yako chumbani; kama maneno hayo yanatoka mbele za watu tu, yana kasoro. "Mwingine na akusifu, wala si kinywa chako mwenyewe" (Mithali 27:2). Andiko halisemi ukisifiwa ubishe.

Kiongozi wangu wa huduma hunikaripia na kunitukana mbele ya wenzangu. Nikilalamika anasema mnyenyekevu hajibu, na kwamba Yesu alinyamaza mbele ya Pilato. Je, ni kweli napaswa kunyamaza?

Hapana. Na hoja yake imechukua ukurasa mmoja na kuacha wa jirani. Yesu alipopigwa kofi na mtumishi mbele ya kuhani mkuu hakurudisha kofi, lakini alimtaka aonyeshe ubaya uko wapi katika aliyosema, na kama haupo, anampigia nini (Yohana 18:23). Paulo na Sila walichapwa na kufungwa Filipi bila kuhukumiwa. Makadhi, yaani mahakimu wa mji, walipotaka kuwatoa kimyakimya, Paulo alikataa kuondoka, akataka waje wenyewe wawatoe (Matendo 16:37). Huyo ndiye Paulo aliyewaandikia Wafilipi haohao kwamba "kwa unyenyekevu, kila mtu na amhesabu mwenziwe kuwa bora kuliko nafsi yake." Hakuona mgongano.

Kumhesabu mwenzako kuwa bora ni jambo unaloamua mwenyewe juu ya nafsi yako. Likigeuka kuwa kitu ambacho mwenye cheo anakidai kutoka kwa asiye nacho, limekuwa jina lingine la ubabe, ambao Petro aliwakataza wazee: "Wala si kama wajifanyao mabwana juu ya mitaa yao" (1 Petro 5:3).

Utaratibu wa Mathayo 18:15-17 una hatua, na hatua zisirukwe. Kwanza nenda kwake mkiwa wawili tu, ndani ya siku chache tangu tukio, hasira ikiwa imepoa lakini kumbukumbu bado mbichi. Taja tendo moja, siku, na maneno aliyoyatumia. "Wewe una kiburi" ni hukumu, naye ataikana. "Jumapili mbele ya kwaya uliniita mjinga" ni tukio. Mwambie unachoomba: "Nikikosea, niite pembeni unieleze." Usichanganye na malalamiko ya miaka mitatu. Asiposikia, rudi na mtu mmoja au wawili. Wasiwe wapambe wako. Wawe watu ambao hata yeye anawaheshimu, maana kazi yao ni kushuhudia yanayosemwa na pande zote mbili. Asiposikia tena, peleka jambo kwa wenye mamlaka juu yake, kwa maandishi, na ubaki na nakala.

Hatua hizi ni za makosa kati ya mtu na mtu. Kama ni kupigwa, kuguswa au kutakiwa kimapenzi kwa nguvu ya cheo, madhara kwa mtoto, au wizi wa fedha, usiende peke yako kwa mhusika. Nenda kwa vyombo vya sheria na kwa mtu mzima unayemwamini. Anayekuambia "tuyamalize kindani" katika mambo hayo anamlinda asiyestahili kulindwa.

Ninafungua jengo, napanga viti, naandaa ratiba, nafundisha, nafunga hesabu. Nachoka, lakini naona huo ndio utumishi. Mke wangu anasema ni kiburi. Nani yuko sahihi?

Hatutaingilia ya nyumbani, ila Yethro, baba mkwe wa Musa, angesimama upande wa mkeo. Musa alikaa tangu asubuhi hata jioni akiwaamua watu, na bila shaka kwa moyo mweupe. Baba mkwe akamwambia jambo hilo ni zito mno kwake, hawezi kulifanya peke yake, na kwamba atajidhoofisha yeye na watu pamoja naye (Kutoka 18). Uzito wa maneno hayo uko kwenye "na watu": waliosimama foleni siku nzima walikuwa wakichoka pia. Dawa ilikuwa wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Makubwa yaje kwa Musa, madogo wayaamue wao.

Kiburi cha mtu mchapakazi ni kigumu kukiona kwa sababu kinavaa nguo za kazi. Jipime kwa swali hili: ukiugua wiki mbili, ni kazi gani itasimama kwa sababu hakuna mwingine anayejua ufunguo uliko, namba ya mtu wa kupigiwa, au namna ya kufunga daftari la hesabu? Kila kazi ya namna hiyo ni ya kukabidhiwa, tena mapema.

Kukabidhi si kusema "nisaidie hili." Anayepokea anahitaji kujua mambo matano: matokeo yanayotakiwa, tarehe, kiasi cha fedha anachoweza kutumia bila kuuliza, mambo anayoweza kuamua mwenyewe, na siku ya kuleta taarifa. Yaandike kwenye karatasi moja, kila mmoja abaki na nakala. Kisha msipeane kwa siku moja. Mara ya kwanza atazame ukifanya. Mara ya pili mfanye pamoja. Mara ya tatu afanye yeye, wewe ukiwa karibu na mikono mfukoni. Mara ya nne usiwepo kabisa. Hii ndiyo wengi wanaikwepa, halafu wanashangaa kwa nini kila swali linarudi kwao.

Fedha pekee zina sharti la ziada: usimkabidhi mtu mmoja. Wawili wahesabu sadaka pamoja na wote watie sahihi, na anayetunza daftari asiwe yule anayetunza fedha taslimu. Hii inamlinda mwaminifu kuliko inavyomzuia mwizi.

Mambo huharibika mwenzako akikosea kidogo nawe ukainyakua kazi, au ukaifanya upya usiku kimyakimya. Akijua utairudia, ataacha kujitahidi. Vumilia viti vilivyopangwa tofauti na upendavyo. Kosa lenye madhara lisahihishe pamoja naye, awe yeye anayeshika kalamu.

Angalia pia unamkabidhi nani. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakukimbilia kugawa chakula wenyewe, wala hawakuchagua watu wao. Waliweka sifa, wakawaachia waamini kuchagua, kisha wakawaombea na kuwawekea mikono (Matendo 6:1-6). Majina yote saba yaliyopatikana ni ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Inaelekea kazi ilikwenda kwa upande uliokuwa umelalamika. Ni viongozi wachache leo wenye ujasiri huo.

Na kubali kuhudumiwa. Yesu alipotaka kumwosha miguu, Petro alisema "Wewe hutanitawadha miguu kamwe", na kwa masikio yetu ni adabu tupu. Yesu hakuipokea.

Nilimshutumu msaidizi wangu mbele ya kikundi kwamba amepoteza fedha za safari. Baadaye nikagundua hesabu niliikosea mimi. Nikiomba radhi hadharani sitapoteza heshima?

Utapoteza kiasi fulani, kwa wiki kadhaa. Hatukudanganyi. Lakini yeye amepoteza zaidi, na cha kwake ulikichukua wewe.

Wafalme wawili walikemewa na manabii, na wote wawili walikiri. Sauli alimwambia Samweli amekosa, kisha papo hapo akaongeza: "uniheshimu, tafadhali, mbele ya wazee wa watu wangu" (1 Samweli 15:30). Daudi alimwambia Nathani, "Nimemfanyia BWANA dhambi" (2 Samweli 12:13), akaacha nukta. Ungamo la Sauli lilikuwa na ombi ndani yake, na ombi hilo lilikuwa juu ya jina lake.

Radhi iwe na ukubwa wa kosa. Ulimshutumu mbele ya watu ishirini, umsafishe mbele ya watu haohao, si pembeni wala kwa ujumbe wa simu. Kabla ya hapo muone faraghani, umweleze ulichogundua na umwombe ruhusa ya namna utakavyolisema. Wengine hawapendi jina lao lirudiwe tena mbele ya watu. Mbele ya kikundi sema sentensi nne au tano tu: nilisema nini, ukweli ni upi, kosa lilikuwa langu, limemwumiza hivi, nitafanya hivi lisijirudie. "Kama kuna aliyekwazika" iondoe, kwa sababu inaligeuza kosa kuwa udhaifu wa aliyeumizwa. "Shetani alinipitia" iondoe pia. Usilie mpaka wao waanze kukubembeleza, na usimtake atamke amekusamehe hapohapo. Anaweza kuhitaji muda.

Kisha urejeshe. Sheria ya Musa ilimtaka aliyekosa alipe kamili na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Zakayo akajitolea kulipa mara nne. Kama kwa sababu ya shutuma yako aliondolewa kwenye utunzaji wa fedha, mrudishe huko, siku hiyohiyo, mbele ya waliokusikia. Usipomrudisha, watu wataamini kwamba radhi ilikuwa ya adabu tu na shutuma ndiyo ya kweli.

Kikundi chetu cha vijana hutembelea wenye shida na kuweka picha mtandaoni ili wengine wavutiwe. Mmoja wetu anasema tumevunja Mathayo 6, sadaka itolewe kwa siri. Mwingine anajibu kwa Mathayo 5, nuru yenu iangaze.

Wote wamesoma vizuri. Tofauti iko kwenye nani anaonekana na nani anafaidika. Kutoa hesabu ni wajibu: Paulo alipobeba changizo la makanisa hakulibeba peke yake, alitaka wengine waende nalo ili mtu asipate la kulaumu (2 Wakorintho 8:18-21). Basi chapisheni kiasi kilichokusanywa, kilichotumika na kilichobaki. Uso wa anayepokea msaada msiuchapishe. Mtu mwenye shida hana uhuru wa kweli wa kukukatalia picha ukiwa umeshika mfuko wa chakula chake. Nyuso zenu mnaweza kuziacha pia bila hasara. Na kila baada ya ziara mbili au tatu, fanyeni moja isiyo na picha hata moja. Kama idadi ya wanaokuja inashuka siku hiyo, mmejua jambo.

Nimeongoza kwaya kwa miaka mingi. Sasa kuna binti, ana sauti na ufahamu wa muziki kunishinda, na watu wameanza kumwuliza yeye. Najua napaswa kufurahi. Sifurahi.

Ahsante kwa kuandika ilivyo. Wivu hauondoki kwa kuambiwa ni dhambi. Unaondoka kwa kunyimwa kazi. Sauli aliposikia wanawake wakiimba kwamba yeye ameua elfu zake na Daudi makumi elfu yake, alianza kumwangalia Daudi kwa jicho baya tangu siku hiyo. Madhara yalianzia kwenye jicho, mkuki ukafuata baadaye. Kwa hiyo angalia mambo madogo unayofanya sasa: kumpangia wimbo mgumu bila mazoezi, kumsahihisha mbele za watu kwa kosa ambalo mwingine humsamehe, kutomwambia kuhusu kikao. Acha hayo kwanza, hata kama moyo bado haujatulia.

Kisha mfuate Barnaba. Wanafunzi wa Yerusalemu walipomwogopa Sauli wa Tarso, ndiye Paulo, Barnaba ndiye aliyemchukua na kumpeleka kwa mitume (Matendo 9:27). Kazi ya Antiokia ilipokua, alisafiri mpaka Tarso kumtafuta, wakafundisha pamoja mwaka mzima (11:25-26). Mwanzoni Luka anaandika "Barnaba na Sauli". Ndani ya sura ya 13 mpangilio unaanza kugeuka kuwa Paulo na Barnaba, na hatusomi popote kwamba Barnaba alilalamikia hilo. Alipokuja kugombana na Paulo, aligombea kijana mwingine, Marko, ambaye Paulo alikuwa amemchoka (15:37-39). Miaka baadaye Paulo mwenyewe anaagiza Marko aletwe kwa kuwa anamfaa (2 Timotheo 4:11).

Kwa vitendo: mwombee kwa jina kila siku, ukiomba afanikiwe katika kitu mahususi, kwa mfano wimbo wa Jumapili hii. Mpe nyimbo mbili za kuongoza kati ya tano, na uziache zile watu wanazozipenda ziwe zake. Msifie kwa mchungaji au kwa yeyote anayepanga nafasi, yeye akiwa hayupo. Mfundishe yale ambayo kipaji hakimpi: namna ya kumwondoa mwimbaji anayechelewa bila kumvunja, namna ya kumaliza mazoezi kwa wakati. Halafu weka tarehe ya kukabidhi, miezi sita hadi mwaka, na uitangaze ili usiweze kuisogeza. Ukishakabidhi, kaa miezi mitatu bila kutoa maoni juu ya uimbaji isipokuwa akuulize. Kaa kwenye safu ya waimbaji kama bado una sauti, au kaa na waumini. Usikae mahali ambapo waimbaji wataona uso wako kabla ya wa kwake.

Nawezaje kujua nina kiburi, wakati mwenye kiburi hajioni?

Kwa njia mbili, moja ya faraghani na moja ya watu.

Ya faraghani ni kuipitia siku kabla ya kulala, zoezi ambalo Ignasi wa Loyola alilipanga kwa hatua tano karne ya 16. Dakika kumi zinatosha: moja ya shukrani, moja ya kuomba nuru, tano za kupitia siku, mbili za kuomba msamaha, moja ya kuamua jambo moja la kesho. Katika zile tano, mwenye uongozi ajiulize maswali ya matukio. Nilimkatiza nani? Nani alinipa wazo nikalisema kama langu? Nilijibu kabla sijasikia? ("Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake", Mithali 18:13.) Ni nani nilimsalimu kwa furaha kwa sababu ana cheo, na ni nani nilimpita? Usijiulize "je, mimi ni mnyenyekevu?" Swali hilo halina jibu zuri upande wowote. Ukikuta kosa lenye mtu, la kesho liwe kwenda kwake.

Ya watu: chagua wawili, mmoja akiwa chini yako kiuongozi, na kila miezi mitatu uwaulize swali finyu. "Nifanyie tathmini" itakuletea sifa. "Katika vikao vitatu vilivyopita, ni lini nilifanya iwe vigumu mtu kusema?" itakuletea kitu. Wakijibu, andika, sema asante, usijitetee hata kwa sentensi moja siku hiyo. Baada ya wiki mbili waambie umebadilisha nini. Ukijitetea mara ya kwanza, mara ya pili watakuambia kila kitu ni shwari.

Mimi ni mkimya kwa asili. Watu huniita mnyenyekevu. Je, ni kitu kimoja?

La. Ukimya unaweza kuwa unyenyekevu, unaweza kuwa woga, na unaweza kuwa dharau ya mtu anayeona wengine hawafai kupewa mawazo yake. Wewe ndiye unayejua ni upi. Musa alikuwa mzito wa kusema akapewa Haruni awe kinywa chake, lakini Musa alipokuwa mlimani na watu wakataka miungu, Haruni mwenye ufasaha ndiye aliyewatengenezea ndama. Kipawa cha kusema na uthabiti wa kusimama ni vitu viwili.

Kama umekabidhiwa watu, wana haki ya kujua unafikiri nini. Kabla ya kikao andika sentensi mbili: unachokubali na unachohofia. Ziseme zamu yako ikifika, hata ukizisoma kwenye karatasi. Kikao kikifika nusu na hujapata nafasi, mpelekee mwenyekiti kikaratasi kwamba una neno. Akiwa mwenyekiti wa kweli atakuita kwa jina. Na anapotukanwa mtu asiyekuwepo, usingoje zamu.